Homoni ya damu na seli zinazomomonyoa mfupa: panya wanatueleza nini?

Homoni inayochochea utengenezaji wa damu ni ipi?

Ni eritropoietini, wengi huiita EPO. Kwa mtu mzima hutoka zaidi kwenye figo. Oksijeni ikipungua mwilini, figo huimwaga kwa wingi, nayo husafiri hadi kwenye uboho na kuchochea seli nyekundu zikomae.

Sasa mfupa unaingiaje hapo?

Uboho umo ndani ya mfupa, na humo ndimo zinamotoka osteoklasti. Hizi ni seli kubwa zenye viini vingi, zinazotokana na ukoo wa monosaiti, yaani seli nyeupe za damu. Osteoklasti hujibandika juu ya mfupa, huziba kingo zake, kisha humwaga asidi inayoyeyusha madini pamoja na kimeng'enya kiitwacho kathepsini K kinachokata kolajeni, protini ya mfupa. Kinabaki kishimo. Osteoblasti, seli za ujenzi, huja nyuma kukijaza. Hilo si ugonjwa. Ndivyo mfupa unavyofanywa upya. Balaa ni pale ubomoaji unapouzidi ujenzi.

Panya wakipewa EPO hutokea nini?

Seli nyekundu hupanda, hilo lilitarajiwa. Lakini mfupa wa ndani, ule wenye matundu kama sifongo, hupungua. Kwa hadubini osteoklasti huonekana zimeongezeka, na ujenzi wa mfupa mpya nao hushuka. Hata panya waliobadilishwa vinasaba ili wazalishe EPO kupita kiasi hukutwa na mifupa hafifu.

EPO inazigusa seli hizo moja kwa moja?

Kwa sehemu, ndiyo. Seli changa zitakazokuwa osteoklasti zina vipokezi vya EPO, na zikioteshwa maabara pamoja na homoni hiyo, osteoklasti nyingi zaidi hukomaa. Ila seli B za kinga nazo zimo: hutoa RANKL, protini inayoziamsha osteoklasti. Kwa hiyo anayetafuta njia moja tu atakwama.

Nachomwa sindano za EPO kwa ajili ya figo. Niache?

Usiache. Panya wa majaribio mara nyingi hupewa dozi kubwa, tena wana figo nzima. Mgonjwa wa figo mifupa yake tayari inasumbuliwa na fosfati, vitamini D na homoni ya parathiroidi, na upungufu wa damu, ambao sindano hizo huutibu, nao humchosha moyo. Kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, mwambie daktari wako, na umuulize kama unahitaji kupimwa uimara wa mifupa.