Yale maneno yasiyoeleweka unayokutana nayo ukitafuta kitu mtandaoni yana maana gani?

Juzi mdogo wangu alinitumia kitu WhatsApp, kichwa cha ukurasa alioukuta Google: "mkopo haraka simu bila dhamana dakika 5 Tanzania Kenya 2024 pdf pakua". Akaniuliza, dada hii inamaanisha nini, mbona nasoma sielewi nani anakopesha? Nikamwambia hiyo sio sentensi, na wala hukuandikiwa wewe, imeandikiwa mashine.

Iko hivi. Mashine za kutafutia za miaka ya 1990, kama AltaVista iliyoanza 1995, zilitegemea sana maneno yaliyomo kwenye ukurasa, kwa hiyo watu wakawa wanarundika neno lilelile mara kibao, wengine wanaliandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili we msomaji usilione ila mashine ilione. Google ilivyoanza 1998 ikaja na hesabu ya viungo (linki), yaani kurasa gani zingine zinakuelekea wewe, na 2011 wakatoa marekebisho yanayoitwa Panda kushusha kurasa za hovyohovyo, lakini kurundika maneno hakujaisha mpaka leo.

Sasa ule mfano usiusome kama sentensi, usome kama mshipi wenye ndoano nyingi, kila ndoano na samaki wake. "Mkopo haraka", kwa kawaida tungesema mkopo wa haraka, ila mtu akitafuta kwenye simu anaruka wa, ya, kwa, maana anajua mashine itamwelewa tu, na mwenye ukurasa kaiga vilevile watu wanavyoandika. Ndo maana inasomeka kama imevunjika, Kiswahili ukikitoa vile vineno vidogo hujui tena kipi ni cha nani. "Bila dhamana" ni mtu asiye na hati ya kiwanja wala kadi ya gari. "Dakika 5" ni mtu anayedaiwa ada na mtoto kesho anarudishwa nyumbani. "Tanzania Kenya" ni kuvua pande mbili za mpaka kwa mpigo. "2024" mara nyingi inabadilishwa tu mwaka mpya ukifika, ndani ya ukurasa hakuna kilichoguswa. Na "pdf pakua" ni kwa sababu wengi wetu tunataka kushusha kitu mara moja tukisome hata bando likiisha.

Kwa hiyo upuuzi ule ukiuchambua unakuta shida za watu halisi zimepangwa foleni, na hicho ndo kinaniumiza, maana anayezipanga mara nyingi hana mkopo wowote wa kutoa. Mdogo wangu alikuwa ashafika kwenye fomu inayotaka namba ya NIDA na elfu kumi ya usajili. Nikamwambia funga hiyo kitu sasa hivi, uliona wapi anayekopa ndo anaanza kulipa?

Kuna aina ya pili ya maneno haya yasiyoeleweka, inayotokana na tafsiri ya mashine. Google Translate ilianza kuchukua Kiswahili 2009, na mtu asiyejua lugha yetu kabisa anaweza kumwaga kurasa elfu kwa siku. Ukikutana na "godoro la chemchemi" jua mashine imeona springi ikadhani ni maji yanayobubujika ardhini.

Ya tatu ndo inatisha wenye tovuti. Wadukuzi wanaingia kwenye tovuti ya mtu wanapandikiza kurasa zao zimejaa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, au zimeandikwa Kijapani kabisa, ili wauze vitu vyao kwa mgongo wa jina lako, na we mwenyewe ukifungua tovuti yako unaona kila kitu kiko sawa. Kuangalia ni rahisi, ingia Google andika site halafu nukta mbili halafu anwani yako bila kuacha nafasi, itakuletea kurasa zako inazozijua. Kama we ni fundi cherehani na unaona kurasa za Kijapani za viatu na mikoba, badilisha nywila zote na umpigie aliyekutengenezea tovuti siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu.