Tenofoviri na unyevu wa ziwa

“Kopo hunichongea, daktari,” mama mmoja wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, aliniambia, akinionyesha ARV zake, vidonge vya kudhibiti virusi vya UKIMWI, alizozifunga kwa karatasi ya gazeti. Ndani ya matatu vidonge viligongana, abiria wakageuka. Nilimwelewa kabisa. Lakini mimi ni mfamasia, na kemia ya kidonge kile ndiyo iliyonitia hofu.

Tenofoviri, mojawapo ya dawa tatu zilizomo, ilianzia Prague, katika maabara ya Antonín Holý. Kiini chake ni adenini, ileile iliyo kwenye DNA yetu. Kiwandani hupashwa moto pamoja na propileni kaboneti na alkali kidogo. Kaboni dioksidi hutoka, adenini ikabaki na mkia wa kaboni tatu. Kaboneti hiyo huchaguliwa kwa makini, kwa kuwa ina pacha anayetofautiana nayo kama kiatu cha kushoto na cha kulia, na tunamtaka mmoja tu.

Kisha mkiani hufungwa kipande chenye fosforasi. Hapa ndipo ninapoipenda kazi ya Holý: fosforasi imeshikana na kaboni moja kwa moja, bila oksijeni katikati, kwa hiyo vimeng'enya vinavyokata fosfeti haviing'oi. Seli huongeza fosfeti mbili, kirusi huichukua kama tofali la DNA, na kwa kuwa haina pa kushikia tofali linalofuata, ujenzi hukwama.

Shida ni kwamba fosforasi hiyo hubeba chaji hasi mbili, na chaji hazipenyi kwa urahisi kwenye utando wa mafuta wa seli za utumbo. Basi wanakemia huivalisha makoti mawili, kisha huigandisha kuwa chumvi ya fumarati. Lebo husema miligramu 300. Ukiondoa makoti na fumarati, hubaki tenofoviri miligramu 136 hivi. Zaidi ya nusu ya uzito ni nauli ya kuvuka utumbo!

Makoti hayo yanapaswa kuvuliwa mwilini. Lakini maji nayo huyavua, polepole, na joto huyasaidia. Huku kwetu ziwani hewa ni nzito kwa mvuke, ndiyo sababu kopo huwa na kifuko cha silika cha kuunyonya. Karatasi ya gazeti haizuii chochote, na dawa iliyovuliwa makoti kabla ya kumezwa hufyonzwa kidogo mno.

Nilimpa kopo jipya. Tulilizungusha leso mara tatu, tukalitikisa. Lilinyamaza.