Chemba si mtaro wa mvua

Chemba za majitaka zikifurika Dodoma, kauli ni ileile ya miaka yote: mvua ni nyingi, mabomba ni membamba. Lakini mji huu hupata takribani milimita 600 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tena bomba la majitaka halikuwekwa kupokea mvua. Kazi hiyo ni ya mitaro.

Wanaolijaza ni watu. Huyu ameelekeza maji ya bati kwenye chemba ya choo. Yule anafunua mfuniko ili maji ya uani yapungue, na anaona ameusaidia mtaa! Chini kuna mchanga, matambara na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Ikipiga mvua ya nusu saa, uchafu unaibukia kwa waliojenga bondeni.

Kuisema DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma, peke yake hakutoshi. Mabomba ni yake, ila mitaro ya barabara za mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na taka ngumu ni za halmashauri ya jiji. Makazi yanavyosogea kuelekea wilaya jirani za Chamwino na Bahi, halmashauri hizo nazo zinahusika: kukagua maungio kabla nyumba haijahamiwa, na kuzibua mitaro kwa pamoja kabla ya Desemba.