Lenin hakuwapa Wafini uhuru

Wengi husema Ufini ilipewa uhuru na Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi mwaka 1917, na kwamba angekataa, Wafini wangebaki chini ya Urusi. Tarehe zenyewe zinakanusha. Bunge la Helsinki lilipitisha tamko la uhuru tarehe 6 Desemba 1917, kwa kura 100 dhidi ya 88. Hao 88 hawakuupinga uhuru. Wasoshalisti walitaka upatikane kwa makubaliano na Urusi.

Mkwamo ulikuwa kwingine. Zilipoombwa ziutambue uhuru huo, Uswidi na Ujerumani zilisema: anzeni kwa Urusi. Basi Svinhufvud, mkuu wa Seneti, yaani serikali ya Ufini, akaenda Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, na usiku wa 31 Desemba ujumbe wake ukangoja katika jengo la Smolny, makao ya serikali ya Lenin, mpaka ukakabidhiwa karatasi ya utambuzi yenye saini ya Lenin. Utambuzi, si utoaji: huwezi kutambua kisichokuwapo. Tarehe 4 Januari 1918 Uswidi, Ufaransa na Ujerumani zikafuata.

Je, kama angekataa? Jeshi la Urusi lilikuwa linasambaratika, ilhali Ufini ilikuwa na Seneti yake tangu 1809, sarafu yake, markka, tangu 1860, na bunge la viti 200 lililoundwa 1906, ambalo wanawake nao walilipigia kura. Nyumba ilikwisha kujengwa. Kilichobaki ni hati.

Tena saini ile haikuleta amani. Mwishoni mwa Januari 1918 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka, Wabolsheviki wakiwapa silaha Wekundu, yaani upande wa wasoshalisti wa Ufini. Mpaka na Urusi ulikuja kukubaliwa katika mji wa Tartu, Estonia, tarehe 14 Oktoba 1920.