Mie na moyo wajua

Watu wakisikia naandika habari za muziki hudhani napiga gitaa. Sipigi chochote. Shuleni niliwahi kupewa ngoma ya mchakamchaka, wiki ya pili nikanyang'anywa. Ninachojua mimi ni kusikiliza, na kazi hiyo niliianza darasa la tatu, Ngamiani, Tanga, mbele ya redio kaseti ya mjomba wangu fundi cherehani.

Enzi hizo huku bara tulikuwa na redio moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi zilirekodi kwenye studio zake, wimbo ukipigwa umepigwa, na ukikupita umekupita. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Ulikuja kufunguliwa 1983. Kwa hiyo mjomba alishona huku kaseti tupu ikiwa tayari ndani ya redio. Akisikia gitaa la utangulizi analolijua, aliuacha mguu wa suruali ya mtu na kurukia kitufe cha kurekodia. Nusu ya kaseti zake zinaanzia ubeti wa kwanza katikati.

Wateja wake wengi walikuwa akina mama, nao walitaka maneno ya taarabu ili wafike harusini wanayajua. Mjomba hakuwa na subira ya kuandika. Akaninunulia daftari, akanipa kazi ya kunakili. Ujira ulikuwa andazi moja kwa wimbo. Nimeshalipwa vibaya zaidi ya hapo na gazeti.

Kunakili kulikuwa hivi: unacheza mstari mmoja, unazima, unaandika, unarudisha nyuma, unacheza tena. Utepe ukiliwa na mashine unautoa polepole kwa vidole, kisha unauzungusha urudi ndani kwa kalamu ya Bic. Betri tulizianika juani kwenye bati ili zipate uhai wa siku mbili tatu. Zikianza kufa, kaseti inazunguka kwa uvivu, mwimbaji wa kike anakuwa na sauti ya kiume, na maneno yanakuja moja moja kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Wengine walizima redio hapo. Mimi nyimbo ngumu niliziwekea akiba, nikazisubiri betri zichoke.

Baada ya miezi kadhaa niliona kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Mistari ya taarabu ilikuwa inalingana kwenye karatasi. Nikahesabu kwa vidole: silabi nane, kituo, nane tena. Mwalimu alikuja kuniambia baadaye kwamba zile ni mizani. Kwangu zilikuwa futi ya fundi. Mstari ukitoka na saba, najua kuna neno nimelikosa, narudisha kaseti. Mpaka leo sentensi yangu ikinikwaza huwa naisoma kwa sauti nikigonga meza.

Tanga ilinisaidia pia. Taarabu ya Unguja ilizoea kundi kubwa, ala za nyuzi kama kanuni na udi, safu ya fidla. Kwetu Black Star na Lucky Star waliingiza gitaa la umeme na besi, kundi likawa dogo, na sauti ya mtu kama Shakila ikakaa mbele peke yake. Kwa maoni yangu, mtoto aliyenakili taarabu ya Tanga alikuwa na kazi rahisi kuliko mwenzake wa Unguja. Waunguja watanisamehe.

Dansi ndilo lililonishinda. Maneno yanaisha nusu ya wimbo, kisha linaingia chemko: magitaa yanajibizana, tarumbeta zinadakia, na hakuna cha kunakili. Daftari langu limejaa kurasa zinazoishia na maneno haya, "hapa gitaa mpaka mwisho". Nilipokuja kuandika makala niligundua kwamba kazi yenyewe imo kwenye hiyo nusu niliyoiruka. Utamwelezaje msomaji gitaa la solo? Nilijaribu sifa, "tamu", "kali", "la kusisimua", zote zikawa makapi. Siku moja ukumbini nikaacha kutazama jukwaa, nikatazama meza. Chemko lilipoingia, mzee mmoja aliweka chupa chini, akavua miwani, akaitia mfukoni, ndipo akasimama. Nikaandika miwani. Ndiyo makala yangu ya kwanza ambayo mhariri hakuigusa.

Lakini kwamba mtu anaweza kuandika kuhusu mwimbaji na ikawa kazi ya heshima, hilo nililipata maktaba, kwa Shaaban Robert, mtu wa Tanga vilevile, katika wasifu alioandika wa Siti binti Saad. Mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu, kisha 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Nilikisoma kitabu kile kwa siku mbili, nikarudi kulitazama daftari langu kwa jicho jingine.

Sasa aibu. Miaka ya mwanzo gazetini niliandika makala ndefu juu ya wimbo mmoja wa taarabu niliounakili utotoni. Kulikuwa na mstari nilioupenda kupita yote: "Mie na moyo wa jua". Nikaumwagia aya nzima. Moyo wa jua! Moyo unaowaka, unaochoma, unaochomoza kila asubuhi hata ukikataliwa. Mizani nane, kamili. Makala ikatoka, nikasifiwa.

Wiki ile nikaletewa ujumbe kwamba mtunzi yu hai, na anataka kuniona. Nikaenda. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akanikaribisha mkekani, gazeti likiwa pembeni yake.

"Mwanangu," akasema, "hilo jua umelitoa wapi?"

Akaimba mstari wenyewe, polepole. Mie na moyo, wajua. Yaani: nami nina moyo, unajua wewe. "Mimi pale nalalamika," akasema, "wewe umenisifu joto."

Mizani zilikuwa zilezile nane, na kwa sikio hakuna tofauti yoyote. Futi yangu haikuweza kuniokoa. Kituo kilikuwa kwenye pumzi ya mwimbaji, pumzi fupi mno, na kwenye kaseti ya betri zinazokufa hata pumzi hurefuka kila mahali. Tangu siku ile sichapishi mstari wa wimbo bila kumtafuta mwenyewe, au aliyepiga naye, au aliyemuoa.

Nilikuwa nimekwenda na daftari. Akalichukua, akaniomba kalamu, akaweka mkato baada ya "moyo" kwa mkono unaotetemeka. Kisha akashuka chini ya ukurasa kwa kidole, akasimama.

"Huu ubeti wa tatu ni wangu?"

Ulikuwa wake. Alikuwa ameusahau. Nikausoma, akaniambia rudia.