Sonona kwa mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu

Mtoto anayeishi na selimundu, kisukari, kifafa au ugonjwa wa figo huchoka upesi, hula kidogo na usingizi wake hukatikakatika. Hizo hizo ni dalili za sonona, yaani hali ya kupoteza raha na hamu ya mambo kwa muda mrefu, na ndiyo maana ugonjwa huu wa akili hupita mbele ya macho ya wazazi na wahudumu wa afya bila kutambuliwa: kila kitu husingiziwa maradhi ya mwili, na majibu ya damu yakiwa mazuri mtoto huhesabiwa kuwa hajambo.

Swali ninaloliona na uzito kuliko mengine ni hili: siku ambazo mwili umepata nafuu, mtoto hufanya nini? Wengi, maumivu yakitulia, huomba kutoka nje, huulizia wenzao, hugombania rimoti. Mwenye sonona hubaki amegeukia ukuta, mpira uko chini ya kitanda, na akiulizwa anataka nini hujibu "sitaki kitu". Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2, apelekwe kuchunguzwa.

Si lazima alie. Kwa watoto na vijana sonona mara nyingi huja kwa sura ya hasira za haraka, naye akaitwa mkorofi au aliyedekezwa kwa ajili ya ugonjwa wake. Wengine huamini kwamba wanaadhibiwa, au kwamba wao ndio wanaowamalizia wazazi fedha. Kauli kama "bora nisingekuwepo, mngepumzika" isichukuliwe kuwa utani. Kumuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, dawa zote, insulini ikiwamo, ziwekwe mbali naye, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Sisi wahudumu nasi hukosea, hasa kuhusu dawa. Kijana aliyekuwa akijichoma insulini bila kukumbushwa huanza kuandika kwenye daftari viwango vya sukari ambavyo hakuvipima. Tunamkemea kwa uzembe kabla hatujamuuliza moyo wake ukoje. Isitoshe, steroidi (dawa za kutuliza uvimbe mwilini) na baadhi ya dawa za kifafa zinaweza zenyewe kubadili hisia za mtoto, kama uwezavyo upungufu wa damu. Mweleze daktari mabadiliko yalianza lini na dawa ipi ilianzishwa au kuongezwa wakati huo, lakini usiisimamishe mwenyewe, kwani kuacha ghafla dawa za aina hizo kunaweza kuhatarisha maisha.

Sonona hutibika, kwanza kwa tiba ya mazungumzo, na kwa baadhi ya watoto pamoja na dawa, huku matibabu ya mwili yakiendelea. Mkifika kliniki, omba mtoto apewe dakika chache na mtaalamu bila wewe kuwapo. Watoto wagonjwa huwaficha wazazi mengi kwa kuwahurumia. Yasiyosemeka mbele ya mama huenda yakasemwa mlango ukishafungwa.