Zeituni nyeusi na za kijani si lazima ziwe za miti tofauti

Hapa Kampala wengi tunaamini zeituni za kijani na nyeusi ni aina mbili, kila moja na mti wake. Inaeleweka, maana supamaketi zinakuwa kwenye chupa tofauti na ladha hazifanani. Ila kwa kawaida rangi inakuambia tu tunda lilichumwa lini, la kijani bado bichi, likiachwa mtini linageuka zambarau mpaka jeusi, mti ni uleule. Aina zenyewe zina majina, kama Manzanilla ya Hispania, au Kalamata ya Ugiriki yenye kancha kembamba, hiyo huchumwa ikiwa imeiva.

Sasa zile za kopo nyeusi tiii, za kwenye piza, nyingi zilichumwa bichi halafu zikalowekwa kwenye soda kostiki na kupulizwa hewa mpaka zikawa nyeusi. Geuza kopo usome viambato, ukiona E579 au E585 (namba za chumvi za madini ya chuma zinazoshika rangi) ujue weusi umeshikizwa kiwandani. Au weka kadhaa kwenye sahani, zilizoiva zenyewe hazilingani rangi, nyingine zambarau nyingine kahawia.

Na mpafu zetu, yale matunda ya hapa Uganda ya kuloweka kwenye maji ya moto, jamani, sura kama zeituni lakini ukoo mwingine kabisa.